Uliza Karatasi Kwanza

Watu wetu waliofika Marekani kwa njia ya mateso wana ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Majira ya joto ya 2019, ukumbi wa mpira wa kikapu wa Portland Expo, jimboni Maine, ulipogeuzwa malazi ya mamia ya watu kutoka Kongo na Angola, nilikuwa miongoni mwa tuliokwenda kusaidia kwa Kiswahili. Niliwasikia wakiusimulia msitu wa Darién, ulio kati ya Kolombia na Panama, kama mtu anavyosimulia njia ya kwenda shambani kwao: mto gani huvukwa alfajiri kabla maji hayajajaa, mlima gani unaua wazee, wapi usithubutu kuwasha moto. Lakini mtu huyohuyo, akisimamishwa na afisa wa uhamiaji na kuulizwa alikozaliwa, hujibu kabla swali halijaisha, kisha huendelea kujibu hata asiyoulizwa.

Sikuona udhaifu katika jambo hilo. Niliona malezi. Kwetu mtoto hufunzwa kwamba anayebisha hodi huitikiwa karibu, na mwenye sare akiuliza hujibiwa upesi kabla hajakasirika. Nimelelewa hivyo Nairobi. La kwanza ni utu na la pili ni woga, na Marekani yote mawili yanaweza kumpokonya mtu makazi yake asubuhi moja.

Woga wenyewe naujua ulikotoka. Aprili 2014 nilikuwa nimepanga chumba Pangani, si mbali na Eastleigh, serikali ya Kenya ilipoanzisha operesheni ya Usalama Watch baada ya mashambulizi ya kigaidi. Malori ya polisi yalikuwa yakipita usiku, na Wasomali, wakimbizi na hata Wakenya wenye vitambulisho vyao, walichukuliwa wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Katika ploti yetu aliishi fundi cherehani wa Kisomali, mzee mpole, aliyehifadhi barua yake ya ukimbizi ndani ya nailoni, nailoni ndani ya bahasha, bahasha chini ya godoro. Barua ilikuwa halali. Hata hivyo polisi walipogonga alitoa hela kabla ya kuitoa barua. Alikuwa ameshajifunza kwamba karatasi haisomwi.

Ninachokumbuka kwa uchungu zaidi ni kwamba sheria ilikuwapo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila anayekamatwa, si raia peke yake, haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Isitoshe, Julai 2013, hata mwaka haujaisha, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alikuwa ameamua katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kituo cha Sheria kwamba agizo la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini kwenda kambini lilikiuka Katiba. Katika ploti nzima hakuna aliyekuwa amesikia habari ya hukumu hiyo. Mawakili walishinda kesi mahakamani, na mzee wetu bado akawa anahesabu noti gizani. Tangu hapo nimeamini kwamba haki isiyojulikana na mwenyewe haimsaidii, hata ikiwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa sababu ya Kiswahili nikajikuta kila Jumamosi nimekaa na watu wenye bahasha za serikali mikononi. Elimu yangu ya sheria ilitoka hapo: kwa mawakili wa kujitolea niliowakalimania, na kwa maswali ya watu waliokuwa na haraka ya kujua.

La kwanza ambalo watu hawaliamini ni kwamba Katiba ya Marekani inamlinda asiye raia. Wanadhani ni maneno ya kuwafariji. Si hivyo. Mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo, Mchina aliyekuwa dobi huko San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema ulinzi wa Marekebisho ya Kumi na Nne ni wa kila mtu aliye ndani ya nchi, awe raia au asiwe. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Wong Wing, ikasema mgeni aliyeingia kinyume cha sheria hawezi kufungwa jela na kazi ngumu bila kuhukumiwa kwa utaratibu. Watu waliozipigania haki hizi walikuwa wafua nguo na wahamiaji wa Kichina waliochukiwa na taifa zima la wakati wao. Huwa nawatajia akina mama wa Uvira, Kongo, habari za yule dobi, nao hukaa wima kidogo.

Haki hizi, hata hivyo, zina wakati wake, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu husema, "Kama afisa amekosea, hakimu ataliona." Katika kesi ya jinai, huenda. Katika mahakama ya uhamiaji ni tofauti sana. Adan Lopez-Mendoza alikuwa fundi wa giaboksi za magari huko San Mateo, California. Mwaka 1976 maafisa wa uhamiaji waliingia gereji aliyofanyia kazi bila hati yoyote, ingawa mwenye gereji alikuwa amewakataza wasizungumze na wafanyakazi wake saa za kazi. Walimuuliza, akajibu: jina lake, kwamba ametoka Meksiko, kwamba hana ndugu wa karibu nchini. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1984 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba katika kesi za kumwondoa mtu nchini, ushahidi uliopatikana kwa ukamataji wenye kasoro hautupwi kama unavyotupwa katika kesi za jinai. Waliacha upenyo kwa ukiukaji uliokithiri tu.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni nzito. Maneno uliyomwambia afisa kando ya barabara huandikwa katika fomu iitwayo I-213, na fomu hiyo huwekwa mbele ya hakimu. Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwanza kwamba wewe si raia, na mara nyingi ushahidi wake wote ni kinywa chako mwenyewe. Ukishasema, kulifuta neno ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo haki ya kunyamaza na haki ya kutofungua mlango zinafanya kazi mwanzoni kabisa, katika dakika zile za kwanza ambazo moyo unapiga na ulimi unataka kumridhisha mwenye bunduki. Ndiyo maana lazima zifunzwe mapema, na kila mtu wa nyumba.

Jioni moja ya baridi nilikuwa ndani ya basi nikitoka Bangor kurudi Portland. Maine yote, ukihesabu pwani na mpaka wa Kanada, imo ndani ya ukanda wa maili 100, yaani kilomita 160, ambamo Askari wa Doria ya Mpaka wana mamlaka ya ziada ya kupanda vyombo vya usafiri na kuuliza watu maswali. Wakapanda wawili wenye sare za kijani, mmoja akabaki mlangoni. Mimi nilikuwa na kadi ya kijani ya ukaazi, nikaionyesha, kwa sababu sheria inamtaka mgeni mwenye miaka 18 na zaidi aliyesajiliwa atembee na uthibitisho wa usajili wake. Kisha afisa akaniuliza kama anaweza kutazama ndani ya begi langu. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ile ninayotumia na wagonjwa wangu, kwamba sikubali kupekuliwa. Alinitazama, akalitazama begi, akasonga mbele. Begi lilikuwa na viatu vya kazini na mabaki ya wali. Sikuwa na la kuficha. Nilitaka tu mwenye swali ajue kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Viti viwili nyuma yangu alikaa kijana wa Lubumbashi, mwanafunzi, maombi yake ya hifadhi yakiwa yanaendelea. Alikuwa na kadi ya kibali cha kazi mfukoni na ingetosha kuionyesha. Badala yake alitoa kila kitu: barua ya mahakama, picha ya pasipoti kwenye simu, risiti za chuo. Akaanza kusimulia alivyovuka, na nani, na kwamba kaka yake yuko Lewiston, hapahapa Maine, na bado hajapata karatasi. Afisa hakuwa amemuuliza habari za kaka. Alianza kuandika. Nilisikia kalamu, nikatamani kugeuka, na nikajua kwamba kugeuka kungemwongezea kijana matatizo. Waliposhuka alikuwa bado ameshika risiti zake, akiniuliza, "Mama, nimejibu muzuri?"

Februari 2020 kampuni ya Greyhound ilitangaza kwamba haitaruhusu tena Doria ya Mpaka kupekua mabasi yake bila hati. Mabadiliko hayo yaliletwa na watu waliolalamika na kurekodi kwa simu zao. Lakini ndani ya basi, mwishowe, wanabaki abiria na afisa, na abiria akikubali kupekuliwa, kukubali kwake kunatosha.

Kunyamaza si kudanganya, na tofauti hii naisisitiza kuliko yote, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki mtu aliyebanwa hutafuta uongo mdogo wa kumtoa. Marekani uongo mmoja hauna msamaha: kujiita raia wakati si raia. Sheria ya 1996 imeufanya uwe kizuizi cha kudumu kwa ajili ya kadi ya kijani, na haimhusu afisa wa barabarani peke yake. Kuweka alama ya raia kwenye fomu ya kazi ya I-9, au kukubali kuandikishwa kupiga kura karani wa leseni za udereva anapouliza harakaharaka, kunaweza kumfungia mtu njia hata akiwa ameoa raia na ana watoto raia. Nimeona familia nzima ikilia kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichowekwa alama na mtu asiyekisoma. Afadhali useme, "Sitajibu swali hilo bila wakili wangu." Sentensi hiyo ni ya kweli, ni halali, na haichomi daraja lolote. Na hela usitoe. Chai tuliyoizoea nyumbani, huku ni jinai ya serikali kuu, na inaweza kumgeuza mtu mwenye kesi nyepesi kuwa mfungwa.

Sasa mlango. Kuna karatasi mbili ambazo mtu aliyeamshwa usingizini anaweza kuziona kuwa moja. Zote zimechapwa kwa Kiingereza, zote zina neno la kukamata, zote zina jina na saini. Ya kwanza hutolewa na mahakama: juu imeandikwa jina la mahakama, ndani ina anwani ya mahali pa kupekuliwa au jina la wa kukamatwa, na chini imesainiwa na hakimu. Ya pili hutolewa na idara yenyewe ya uhamiaji, mara nyingi fomu I-200 au I-205: juu imeandikwa Wizara ya Usalama wa Ndani, na aliyesaini ni afisa wa idara hiyohiyo inayokukamata. Kwa karatasi ya pili wanaweza kumkamata mtu barabarani. Kuingia ndani ya nyumba bila ridhaa ya wenyeji ni jambo jingine. Marekebisho ya Nne ya Katiba yanailinda nyumba kuliko mahali pengine popote, na tafsiri ambayo mahakama na mawakili wameishikilia kwa miaka ni kwamba hati ya kuvuka kizingiti hicho inatoka kwa hakimu.

Asubuhi moja, kabla ya saa kumi na mbili, simu yangu iliita. Ni mama mmoja wa Uvira, mjane mwenye watoto wanne, aliyekaa ghorofa ya pili katika nyumba za kupanga. Alinong'ona, "Dada, kuko batu ku mlango. Banagonga sana. Banasema police." Nikamwambia, "Usifungue, mama. Waulize ukiwa ndani wanataka nini, na kama wana hati ya hakimu, waipitishe chini ya mlango." Mwanawe wa kiume, aliyekuwa shule ya kati, ndiye aliyesema Kiingereza. Nilimsikia kwenye simu, sauti yake ikipanda na kushuka. Karatasi ikapita. Wakaipiga picha, ikanifikia kwa WhatsApp, kona moja imefunikwa na kidole cha mtoto. Juu, Wizara ya Usalama wa Ndani. Katikati, jina la mwanamume nisiyemjua, pengine mpangaji wa zamani. Chini, saini ya afisa wa uhamiaji. Hakimu hakuwepo popote.

Nilimwambia kijana aseme kwa heshima kwamba hawakubali mtu aingie, kisha asiongeze neno. Akasema. Wakagonga tena, wakauliza ni nani wanaokaa mle. Akanyamaza, mama yake amemshika bega. Kwa muda mrefu nilisikia redio zao kwenye ngazi, halafu viatu vikishuka. Yule mama hakushangilia. Alichoniambia kwanza ni kwamba ameona aibu, kwamba hajawahi kumwacha mtu nje ya mlango wake kwenye theluji tangu azaliwe. Nilimjibu kwamba mgeni wa kweli hutaja jina lake na huja na shida yake. Wale walikuwa wamekuja na jina la mtu mwingine.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo huishia hivyo kila mara. Maafisa wanaweza kusubiri nje hadi mtu atoke kwenda kazini. Wanaweza kujiita polisi bila kutaja uhamiaji. Na sheria yenyewe inavutwa huku na huku. Tarehe 20 Januari 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa, isipokuwa kwa nadra, kukamata watu makanisani, shuleni na hospitalini. Tangu siku hiyo baadhi ya waumini wetu waliacha kuja ibada. Mwaka 2026 vyombo vya habari viliandika juu ya waraka wa ndani wa ICE, idara inayokamata watu wa uhamiaji, wa Mei 2025, unaodai kwamba maafisa wanaweza kuingia kwa nguvu nyumbani kwa mtu aliyekwisha pewa amri ya mwisho ya kuondoka nchini, kwa hati ya idara tu. Mawakili wanaupinga kwamba unavunja Katiba. Mimi naona wana haki ya kuupinga, na naona pia kwamba mtu wa nyumbani hapaswi kuipigania hoja hiyo kwa mikono. Wakivunja mlango, usiwazuie kwa mwili, usikimbie, usifiche mtu chini ya kitanda. Sema kwa sauti kwamba hukubali, rekodi kwa simu ikiwezekana ukiwa mbali kidogo, soma majina na namba za beji, kisha nyamaza na uombe wakili. Maneno "sikubali" hayazuii mlango, lakini yanampa wakili mahali pa kuanzia, kwa sababu baadaye afisa hawezi kuandika kwamba alikaribishwa.

Watoto wafanye mazoezi. Wazazi wengi wanakwepa jambo hili wakiogopa kuwatisha, na mimi siafikiani nao. Mtoto ndiye anayekimbilia mlango, mtoto ndiye anayejua Kiingereza, na kumwachia mzigo huo bila kumwandaa ndiko kumtisha. Afundishwe sentensi mbili, namba moja ya simu kwa kichwa, na jina la mtu atakayemchukua shuleni mzazi asipofika.

Kuhusu kusaini, habari ni fupi: usisaini usichokielewa, hata wakisema ni ya kupata mizigo yako. Kuna karatasi za kukubali kuondoka kwa hiari na za kuacha haki ya kumwona hakimu. Ipo fomu I-407, ambayo mwenye kadi ya kijani akiisaini anaachia ukaazi wake. Januari 2017, rais alipopiga marufuku watu wa nchi saba, zikiwemo Somalia, Sudan na Libya, wasafiri katika viwanja vya ndege walikutana na fomu hiyo wakiwa wamechoka, na mawakili wakakaa sakafuni na kompyuta zao wakiandika maombi ya dharura. Usiku wa tarehe 28 Jaji Ann Donnelly huko Brooklyn alisimamisha kuwaondoa waliokwisha fika, na saa chache baadaye majaji wa Boston wakatoa amri yao kwa uwanja wa Logan. Amri hizo zilimkuta asiyesaini akiwa bado na haki yake. Aliyesaini kwa kuchoka alikuwa ameitoa mwenyewe.

Lakini wengi ninaowajua hawakupotezea kesi mlangoni wala uwanja wa ndege. Walipotezea posta. Kijana mmoja wa Goma, niliyekutana naye palepale Expo, alipata chumba kwa ndugu Lewiston. Alikwenda akawaarifu waajiri, shule, benki na posta. Aliijaza hata fomu AR-11, ambayo idara ya uhamiaji inataka ndani ya siku 10 za kuhama. Hakujua kwamba mahakama ya uhamiaji ni ofisi nyingine, yenye fomu yake ya anwani, EOIR-33, na muda wake ni siku tano za kazi. Wito wa mahakama ulikwenda anwani ya zamani. Siku ya kesi kiti chake kilikuwa kitupu, na hakimu akatoa amri ya kumwondoa nchini bila yeye kuwepo. Aligundua miezi mingi baadaye, alipokwenda kuuliza kwa nini kibali chake cha kazi hakifanywi upya. Wakili aliweza kuifungua kesi upya, kwa kazi kubwa na hela ambazo jamaa walichangishana. Tangu hapo, mtu akiniambia anahama, simuulizi habari ya lori la vyombo. Namuuliza kama ameshapeleka EOIR-33.

Wakili ni haki, ila serikali haimlipi. Hilo linawashangaza watu waliowahi kuona filamu za Kimarekani, ambamo kila mshtakiwa hupewa wakili. Katika kesi ya uhamiaji hata mtoto anaweza kusimama peke yake mbele ya hakimu. Lakini unaweza kumwomba hakimu muda wa kutafuta wakili, na mahakama ina orodha ya wanaosaidia bure au kwa bei nafuu, iombe. Omba pia mkalimani wa lugha unayoiweza kwelikweli. Mzee wa Fizi anayefikiri kwa Kibembe asikubali Kiswahili kwa sababu tu ya kuona haya, maana ushuhuda wake utapimwa neno kwa neno. Na ombi la hifadhi lina kikomo cha mwaka mmoja tangu mtu aingie nchini, isipokuwa kwa sababu chache; mwaka huo huisha upesi kwa mtu anayetafuta chakula na makazi.

Pengo hilo la mawakili ndilo linalowanenepesha wajazaji wa fomu. Wapo katika kila mji wenye watu wetu, wengine ni wenzetu wa kanisa moja. Wanatoza hela taslimu, hawaandiki majina yao kwenye fomu, na hadithi ya mateso wanayoiandika ni ileile kwa kila mteja, wamebadilisha kijiji tu. Hakimu akishaisoma mara ya pili, aliyepigwa kweli huko Masisi anaonekana mwongo. Nina hasira na watu hawa kuliko niliyonayo kwa maafisa, kwa sababu afisa hakuniita ndugu. Kwa kawaida asiye wakili anaruhusiwa kukuwakilisha iwapo tu ameidhinishwa na Wizara ya Sheria akifanya kazi na shirika linalotambuliwa. Muulize akuonyeshe idhini hiyo. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, maimamu na wenyeviti wa jumuiya zetu, kuanzia Portland na Lewiston hadi kokote Kiswahili kinakosemwa Marekani: toeni nusu saa baada ya ibada au mkutano wa mwezi. Mwalikeni wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa. Hapa Maine shirika la msaada wa sheria la ILAP limekuwa likifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwombeni aje na mfano wa hati ya hakimu na mfano wa fomu I-200, zipite mkono kwa mkono, kila mtu azisome saini za chini, wazee kwa vijana. Na watoto wasitolewe nje siku hiyo.